Uweze Kusema, Usiweze Kuimba

Miaka thelathini na mmoja nilishika mpini
wa behewa la mbao linalovutwa kwa kamba ya chuma
kutoka bandarini hadi kilimani kwetu, Valparaíso.
Nilipandisha wake wa mabaharia na magunia ya viazi,
watoto wa shule, padri mmoja mnene,
magodoro, piano, majeneza mawili.
Kando ya reli kuna ngazi. Vidato mia na sitini na kimoja.
Sikuwahi kuvikanyaga. Vya nini?
Nilikuwa na mpini.

Mimi napandisha watu, moyo wangu umekaa kitako
unakula mkate wa mafuta ya nguruwe,
hadi Jumapili moja ya Agosti, mvua ikipiga mabati,
ukasimama kudai malimbikizo yake yote
kwa mkupuo.

Walinizibua mshipa kwa uzi wa chuma uliopitia mkononi.
Wakaniachia humo kijibomba cha wavu, na karatasi:
*Jumanne na Alhamisi, saa tatu, chumba cha chini.*

Chumba cha chini kinanuka dawa ya kuchua na raba za viatu.
Baiskeli sita zimeutazama ukuta.
Nanyonga, nanyonga,
ukuta hausogei.
Nyaya kifuani, pale aliponinyoa Yasna,
binti wa mazoezi, mwenye saa ya kiume
na sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza.
"Don Eleuterio, kutoka sita hadi ishirini, umechoka ngapi?"
"Kumi na moja," nasema.
Jasho linasema kumi na saba.
Anatazama skrini, kisha mimi.
"Moyo wako haujui kudanganya kama wewe. Punguza.
Mwendo wako ni huu: uweze kusema, usiweze kuimba."

Kulia kwangu Doña Nélida, mwoka mikate,
aliyepasuliwa kifua kikashonwa kama gunia la unga,
hajanyamaza tangu azaliwe.
Ndiye kipimo chetu:
akikaa kimya, Yasna huikimbilia mashine yake.

Wiki ya nne Baldomero wa forodha hakuja.
Raba zake zilibaki chini ya benchi.
Hakuna aliyeuliza. Tulizikwepa kwa macho.
Wiki ya saba akaingia, na picha ya mjukuu mfukoni;
Nélida akamchapa kwa taulo, akamchapa tena,
akalia.

Usiku ndio mrefu.
Hortensia huweka kiganja kifuani mwangu
kama anayepima chungu kama kimepoa.
Nami simgusi.
Nachelea kumwachia msiba wenye aibu.
Mwezi wa pili nikamnong'oneza daktari. Hakucheka.
"Panda ngazi za ghorofa mbili, mwendo wa kawaida.
Ukifika juu na maneno bado unayo,
rudi kwa mkeo."

Nilimwambia Hortensia nikiosha sahani,
mgongo nimempa.
Akavua aproni. Akavaa viatu.

Mpanda ngazi hushuka, walisema waliosema.
Hawakumalizia: asiyepanda hushushwa.

Tukateremka kwa behewa, tukalipa nauli kama wageni,
tukaanzia chini kabisa.
Kidato cha tano, cha kumi na mbili. Paka hakutupisha.
Dirishani mtu anakaanga vitunguu.
Hortensia anahesabu kwa sauti, mimi kwa miguu.
Behewa langu likatupita, kijana kashika mpini wangu,
padri yule yule ndani yake, kazidi kunenepa,
akanipungia.
Thelathini na nane. Thelathini na tisa.
Arobaini.

"Sema kitu."
Nikalitaja jina lake lote,
la baba, na ukoo wa mama yake.

"Imba."
Nikafungua kinywa. Upepo mtupu.

"Basi ndipo hapo hapo," akasema,
akanifuta paji la uso kwa mkono wa sweta.
"Vilivyobaki ni vya kesho.
Leo tushuke tukalipe nauli tena.
Tuna haraka."