Nilifuta Majina Ubaoni

Jumanne, kipindi cha saba, Kidato cha Tano B.
Feni la dari limegoma tangu Pasaka
na jua la Mbagala limekaa dirishani kama mkaguzi.
Nilikuwa nimesahihisha madaftari arobaini na moja.
Arobaini na moja yalisema:
*Funzo: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.*
Yule kijana wa Kigiriki, mbawa zake za nta,
bahari iliyomfungulia kinywa,
vyote vimekunjwa, vimesindiliwa ndani ya methali moja
kama sare ndani ya begi.

Nikachukua dasta, nikafuta majina.
Yalikuwa magumu, yanaishia na mluzi,
watoto waliyaonja kama muhogo mchungu, wakayatema.
Nikaacha mambo tu:
mtu anasukuma jiwe.
Binti amekula mbegu za komamanga.
Baba na mwana wanaruka.
Mume haruhusiwi kugeuka.
"Msiniambie funzo," nikasema.
"Niambieni panapouma."

Kimya. Kengele ya muuza koni ikapita nje ya ukuta.
Mtu akauliza kama hili litatoka kwenye mtihani.
Nikasema sijui. Ni kweli, sijui.

Pazi ndiye aliyeanza, viganja vyake vimekomaa kuliko vyangu.
"Jiwe nalijua. Langu ni madumu kumi na mawili,
mkokoteni, kilima cha Kizuiani, kabla ya adhana.
Jioni yote matupu, kesho tena.
Ila, mwalimu, hao miungu walikosea kitu:
jiwe halinyweki.
Mimi nikifika juu, kuna mtu anaogesha mtoto."
Hilo sikuwa nalo kwenye andalio la somo.

Kokubanza hakusimama. Alisoma akiwa ameinamia dawati,
kwa sauti ya mtu anayehesabu chenji:
"Likizo niko Bukoba kwa mama. Muhula niko huku, kwa baba.
Siku ya kwanza baba alininunulia chipsi mayai.
Nilikuwa na njaa, nikala.
Hakuna aliyeniambia kwamba nikila nimekubali."
Darasa lilicheka kwenye chipsi.
Kwenye kukubali likanyamaza.

Nsajigwa, ambaye kwa wiki huandika mistari miwili,
aliandika miwili:
*Yule baba, mwanawe alipoanguka, yeye alitua wapi?
Usiku ule alikula nini?*
Pembeni, kwa wino mwekundu, mimi huandika: Fafanua.
Kalamu ilisubiri juu ya karatasi. Nikaifunika.

Ndipo Mwanaidi akasema kutoka nyuma,
"Na wewe, mwalimu? Amebaki yule asiyeruhusiwa kugeuka."
Nikasema muda umekwisha.
Ulikuwa umebaki robo saa.

Basi niliandika usiku, kwenye karatasi ya mistari kama zao.
Korido ya Muhimbili. Machela ikapelekwa kulia,
mimi nikaelekezwa kushoto, dirisha la malipo.
Hadithi naijua, nimeifundisha miaka tisa.
Nikajiambia: usigeuke, anayegeuka ndiye anayepoteza.
Nikatembea, shingo imekaza kama mlingoti.
Aliniita, nadhani. Magurudumu yalikuwa yanapiga kelele.
Sikugeuka.
Niliporudi na risiti

Hapo niliacha. Sikuweka hata nukta.

Alhamisi nikaiingiza kati ya zao, ya arobaini na mbili.
Mwanaidi, kiranja, ndiye aliyezikusanya,
na nikamwona akihesabu mara mbili.
Ijumaa niliikuta mezani kwangu, imekunjwa,
ina harufu ya ubuyu,
na pembeni, kwa wino mwekundu ambao sijui waliuazima wapi:
*Fafanua.*
Chini yake, kwa mwandiko mwingine, kwa penseli:
*Au acha tu, mwalimu. Tumeelewa magurudumu.*