Zamu ya Mitungi, Chaani

Saa kumi kasorobo. Mfereji haujakohoa.
Mitungi imejipanga ukutani kwa fundi Shako,
ya njano, ishirini na saba, nimehesabu mara mbili,
kila mmoja umemshikia nafasi mtu aliyelala
au anayejaribu kulala.
Zamu ya kulinda leo ni yangu.
Nina kanga mbili, kigoda,
na simu yenye chaji ya kubahatisha.

Bwana, sikuja na maneno ya madhabahuni.
Mzee wetu wa kanisa huomba kwa Kiswahili kilichopigwa pasi;
changu kina mikunjo kama gauni la kulalia.
Nipokee hivyo hivyo.
Naanzia mbele.

Huu wenye herufi za rangi ya kucha
ni wa Kadzo. Majibu yake yatatoka Makadara Alhamisi.
Wamempima mara mbili, na mara ya pili
daktari hakumtazama usoni.
Jana alinunua nyanya, akasahau chenji,
akasahau na nyanya.
Bwana, fika Alhamisi kabla yake.

Huu wenye ufa uliozibwa kwa sabuni
ni wa Mwakio, aliyekuwa dereva wa makontena
hadi makontena yakapanda reli.
Bado huamka saa tisa, huvaa, hufunga kamba za viatu,
kisha hukaa kitandani.
Mkewe ndiye aliyenidokezea,
kwa hiyo hili nalisema kimoyomoyo.

Huu uliofungwa kipande cha buibui kuukuu
ni wa Bi Mwanakombo. Binti yake yuko Dammam,
siku ya kumi na tisa hii simu haijaita.
Yeye ana sala yake; punde adhana itapanda
kutoka msikiti wa chini, nami nitanyamaza, nimwachie.
Lakini mtoto ni mtoto, Bwana.
Kule jikoni kwa watu, mfungulie mlango,
au dirisha,
au basi itie chaji simu yake.

Wa nne siutaji. Mwenyewe tumekosana.
Nilitaka kuuruka. Nikauruka.
Nilipofika wa tisa nikarudi.
Haya, mpe. Mpe maji, mpe na usingizi.
Yaliyobaki tutaongea baadaye, mimi na wewe.

Mlinzi wa godauni akapita na rungu lake:
"Waongea na mitungi, dada?"
"Naishikia nafasi," nikamwambia.
Akasimama. Akawasha tochi, akaizima.
"Basi na mimi nishikie. Naitwa Nzaro."
Hakusema ni ya nini, wala sikumchimba.
Akaenda kujaribu kufuli za watu, moja moja.

Kuna na ule ulio pembeni ya mtaro.
Hauna jina, na kizibo chake ni gunzi.
Tangu Jumapili nauliza, hakuna anayeujua.
Huo sijui niuombee vipi, huwa naugusa tu.
Kuna mtu hapa Chaani asiye na wa kumtaja,
na huenda mtungi wake
umesimama wima kumshinda.

Kisha nikasinzia, nisamehe,
katikati ya jina la mtu.

Niliposhtuka mfereji ulishakohoa,
kutu kwanza, halafu hewa, na sasa maji,
ndoo zinagombana, watoto wana sare nusu,
na mtungi wangu, niliouacha nyuma kabisa,
uko mbele, umejaa hadi shingoni,
kizibo kimekazwa na mkono
wenye nguvu kuliko wangu.
Nimeangaza macho huku na huku.
Kila mtu anatazama maji yake.

Nimebaki na huu wa gunzi.
Nausukuma chini ya mfereji, unaanza kuimba kwa ndani
kama vyombo vitupu vinavyoimba vikipokea.
Ukijaa nitauegemeza kivulini
nikae nao kidogo, kabla ya kazi.