Toleo la Arobaini na Moja

Kazi yangu ni maneno tu. Mwingine huchora misuli,
mwingine hupaka rangi; mimi huandika
yanayokaa ndani ya viputo, kwa mkono, kwa wino,
ghorofa ya pili juu ya duka la soseji, Hamtramck,
theluji ikigonga dirisha kama mdai.

Miaka mitatu Nyundo ya Alfajiri alinilisha.
Hakuwa msemaji. "Simama!" "Hapana!" na milio ya ngumi:
herufi nene, za miiba,
nazimaliza kabla chai haijapoa.

Kisha Gerard akapiga simu. Mauzo yameanguka.
"Kuanzia mwezi huu kitabu ni cha Bwana Upole."
Yule wa suti ya kijivu? Asiyeruka, asiyepiga,
anayefungwa jela kila ukurasa wa mwisho?
"Huyo huyo. Nunua wino."

Na kweli nilinunua wino.
Maana yeye huua kwa "mpenzi wangu",
kwa "sikulaumu", kwa "mimi nani hata nikuhukumu".
Humuuliza meya hali ya mama yake mgonjwa,
na picha ya tatu meya anamkabidhi funguo za daraja,
tena akishukuru.
Viputo vyake huvimba, duara laini zisizo na kona,
vikimsukuma Nyundo ukingoni,
hata toleo la arobaini na moja
amebaki kisigino, na kiputo kimoja chenye nukta tatu.

Barua zinakuja kwa magunia.
Mtoto wa Toledo kaandika kwa penseli:
"Naomba asishindwe. Ananiita rafiki."

Jumapili dada yangu Halina alifuata pete ya mama,
ile tuliyokubaliana ni yake.
Nikammiminia chai. Nikasema, polepole,
"Sikulaumu kwa kutofika hospitali wiki ile.
Mimi nani hata nikuhukumu."
Akalia. Akaiacha pete mezani.
Mlangoni, akifunga skafu, akanishukuru.

Sauti yangu ilibaki ikining'inia juu ya vikombe,
duara, laini, bila kona hata moja.
Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu;
changu ki chini ya kucha, hakitoki kwa sabuni.

Usiku nikarudi ukurasa wa saba,
pale anapomgeukia msomaji na kumwita rafiki.
Nikachovya kalamu. Ile k
nikaitia mwiba, mdogo mno.
Gerard hatauona.
Anayesoma kwa kidole, labda utamchoma.