Sifuri ya Asubuhi

Ufunguo wa ghala na mnyororo wake: kilo moja na robo.
Shahada yangu, pamoja na bahasha yake ya kaki,
haikuutikisa mshale.
Nilivipima vyote siku ya kwanza, nikiwa peke yangu.

Mkataba ni wa miezi mitatu. Umehuishwa mara mbili,
mara zote siku ya mwisho, saa tisa na nusu alasiri,
kwa kalamu ya kuazima.

Nimepanga chumba Ngamiani, barabara ya kumi na saba.
Ukutani nilibandika orodha ya wino wa kijani:
kuamka saa kumi, kukimbia hadi Raskazone na kurudi,
kurasa ishirini kila siku, Kifaransa, akiba,
kutogusa simu kabla ya chai.
Jumatatu nilikimbia. Jumanne nilikimbia nusu.
Jumatano ilinyesha, nikamshukuru Mungu kwa mvua.
Kufika Ijumaa orodha ilikuwa ikinitazama
kama mwenye nyumba tarehe tano.

Bi Tatu Semhando, miaka ishirini na mitatu akipima katani,
hakunipa nasaha. Alinipa kitambaa.
"Futa sahani. Subiri mshale utulie. Andika sifuri.
Usiandike sifuri ambayo hujaiona."
Basi. Akaenda kunywa chai yake ya mchaichai.

Nikafuta. Nikasubiri. Nikaandika:
saa moja na dakika kumi, sifuri.
Kesho yake, sifuri.
Daftari zima likaanza kujaa hamna.
Hiki ndicho nilichosomea? Miaka mitatu ya uhasibu,
deni la bodi, ng'ombe wawili wa mjomba
walioshuka mnadani wasipande tena?
Jumapili mama hupiga simu kutoka Maramba:
"Umeajiriwa, au bado uko-uko tu?"
Nasema, nipo, mama.
Neno hilo lina nafasi; tunajibanza humo wote wawili.

Hemedi, niliyelala kitanda cha juu yake chuoni,
yuko benki, kitambulisho kinaning'inia shingoni.
Alinitumia picha. Nikamjibu hongera, na nyota tatu.
Usiku ule nililala njaa, na ugali ulikuwepo.

Halafu Alhamisi moja, mwezi wa nane, mshale haukurudi.
Ulisimama kwenye nusu kilo
kama mtu aliyesahau jina lake mlangoni.
Nikafuta tena. Nusu. Nikaandika: nusu.
Nikalala kifudifudi sakafuni na shati langu jeupe,
nikachokoa chini ya sahani donge la nyuzi
na mjusi aliyekauka siku nyingi.
Sifuri. Nikaiandika nayo, chini ya nusu.

Wiki mbili baadaye dalali alikuja na kelele zake:
marobota yake yamepunjwa tangu mwezi wa sita!
Meneja akanigeukia mimi;
mwenye mkataba mfupi huangaliwa kwanza.
Bi Tatu akafungua daftari, akateremsha kidole,
sifuri, sifuri, sifuri,
mpaka ile nusu ya asubuhi moja
iliyoondoka kabla robota la kwanza halijapanda.
Dalali akasoma. Akakohoa. Akaomba maji.
Hakuna aliyenipongeza.
Meneja aliuliza ufunguo uko wapi.

Jioni nikabandua ile orodha, nikaikunja mara nne,
nikaisokomeza chini ya mguu wa meza unaocheza.
Meza ikatulia.
Nilibakiza kitu kimoja: kurasa mbili, si ishirini,
kabla ya kulala, hata macho yakiwa na mchanga.
Leo ni usiku wa arobaini na moja.
Wa thelathini niliukosa.
Nimeandika: nilikosa.

Mkataba unaisha mwisho wa mwezi. Dodoma hawajajibu.
Sijui. Zamani neno hilo nililipaka rangi
kabla ya kulitoa mbele za watu.
Kesho saa moja nitafuta sahani,
nitasimama pembeni, mikono nyuma,
mshale utayumba kwanza, kama kawaida yake.