Nyanya Nyeupe za Chwele

Siku za kazi mimi ni wa picha za kitambulisho.
Masikio yote mawili yaonekane, usicheke, tazama hapa,
shilingi mia, anayefuata.
Ila Jumamosi nafunga kibanda,
natoa kamera ya mjomba Makokha
na mikanda yake ya filamu, nyeusi na nyeupe,
iliyopitwa na tarehe kama deni la marehemu.

Vioo vyangu vya rangi sikununua.
Chekundu ni kipande cha taa ya breki
nilichookota pikipiki ilipoangukia mtaroni.
Cha kijani, kitako cha chupa.
Cha buluu, jalada la faili la shule.
Cha manjano, karatasi ya peremende,
ambayo kwanza ilibidi nile peremende.

Mama akauliza: Chujio? La chai?
Ndilo, mama, ila hapa machicha ni rangi.
Hakuelewa. Nami, kusema kweli, nilikuwa nabahatisha.

Kumbe kioo chekundu ni bawabu wa ofisi.
Akija mwekundu mwenzake: pita ndugu yangu, keti, unywe chai.
Akija buluu na barua yake mkononi:
rudi kesho.
Ndiyo maana anga lilitoka jeusi kama sufuria ya msibani,
na Mlima Elgon, uliojitanda ukungu tangu Juni,
ukatoka nje mzima mzima
hata nikahesabu mikunjo yake.
Nikabadilisha, nikaweka buluu.
Nyeupe tupu. Mlima! Nani ameuhamisha?

Nasambu wa nyanya aliniona nikicheka peke yangu.
"Nipige na mimi, Wasike,
lakini usiniambie nisicheke."
Nikapiga kwa chekundu, nikapiga kwa kijani.
Usiku, blanketi dirishani, dawa kwenye beseni,
tochi nyuma ya ile ile taa ya breki,
nikamwona akija polepole kutoka majini
mara mbili,
wanawake wawili.

"Umenigeuzia nyanya mayai!"
Soko likasimama. Watu wa vitunguu wakaja,
wakapokezana picha kwa vidole vyenye udongo.
Kweli, mafungu ya tano tano, meupe, yanang'aa.
"Mayai yana bei," mtu akasema, "nyamaza tu."
Na katika ile ya kijani nyanya zilikuwa makaa,
sukuma wiki za jirani zimeota mvi.

Kisha Nasambu akanyamaza.
Lile kovu la maziwa ya moto shavuni,
jekundu, refu kama kidole,
katika picha ya mayai halikuwapo.
Bawabu alilipitisha
bila kuandika jina kitabuni.
Akaisogeza karatasi karibu, akaisogeza mbali.
"Huyu alikuwa mimi," akasema. "Darasa la tatu."

Katika ya kijani, kovu lilisimama jeusi na kingo zake zote.
Akaligusa kwenye karatasi, kisha kwenye shavu,
kama anayejaribu ufunguo.

Nilidhani atachagua. Nilikwisha andaa maneno.
Akaenda kuazima mkasi kwa fundi cherehani.
"Kata. Uso wa hii. Mayai ya ile.
Na mlima pia, usiubane."

Tukagandisha kwa uji wa ngano.
Mshono unaonekana, shingo imepinda,
kovu na kicheko vimekaa juu ya mayai
ambayo kuku hakuyajua.
Ameitundika juu ya mizani.
Wateja huuliza, mayai yako wapi?
"Yamekwisha," hujibu. "Chukua nyanya."

Alinilipa nyanya nne.
Niliziweka dirishani, nikazitazama bila kioo chochote
mpaka giza likazichuja.
Moja ilikuwa imeanza kuoza ubavuni.
Hiyo ndiyo niliyokula kwanza.