Nyuzi Mbili

Jana usiku lori lilinifuata
kutoka Malaba hadi mzunguko wa Tororo,
honi, taa kubwa, honi.
Nilimtukana dereva, vioo vimefungwa,
nikamtukania na waliomzaa.
Kumbe mwenzangu alikuwa ananiambia:
wewe wa mbele, huna mgongo gizani.

Leo nimesimama dukani kwa Nyafwono,
duka la upana wa mlango na nusu,
Mwamba wa Tororo umekaa nyuma yake kama mdai.
"Nipe balbu za taa ya nyuma."
Ananitazama kama muuguzi
aliyeambiwa tu: nipe dawa.

Ya nyuma ipi?
Ya kutembelea usiku? Ya breki? Ya kurudi kinyumenyume?
Ile inayokonyeza ukikata kona?
Umekuja nazo, hizo zilizokufa?

Nimekuja nazo, nimezifunga kwenye leso.
Zote mbili; ipi ilitangulia sijui.
Anachukua moja, anaitikisa sikioni,
inalia kidogo, kama punje iliyosahauliwa kibuyuni.
Anaifuta masizi, anaisoma kitakoni
maandishi ambayo miaka sita sikujua yapo:
volti kumi na mbili,
wati ishirini na moja, kwa tano.

"Hii ina nyuzi mbili," anasema.
"Mwembamba huwaka safari nzima: nipo, nipo, nipo.
Mnene husubiri mguu wako: nasimama!
Tazama chini, vitone viwili vya risasi.
Tazama ubavuni, pini moja juu, moja chini.
Hazilingani makusudi,
ili mwenye haraka asiichomeke kinyume.
Na bado wanaichomeka. Kwa koleo."

Kwenye kisanduku cha pili ziko nyingine,
sura ileile, shingo ileile, bei pungufu kwa mia tano.
Nanyoosha mkono. Ananipiga kikofi.
"Za malori hizo, volti ishirini na nne.
Kwako zitawaka
kama mtu aliyelazimishwa kusalimia."

Na zile za kisasa, nyeupe, zenye vijidoa vinavyong'aa?
"Nyuma ya kioo chekundu hizo hutoa waridi.
Unataka breki,
au unataka arusi?"

Nalipa. Ananihesabia chenji, na juu yake
ananiongezea bure: nyani haoni kundule.

Nyumbani, jioni, nafungua buti,
nauzungusha mguu wa taa, nauvuta utoke.
Balbu ya kwanza nasukuma, nazungusha,
inakaa na mlio mdogo wa kukubali.
Ya pili inagoma. Kutu.
Nasugua kwa msasa wangu wa kucha,
napuliza, natukana tena, leo taratibu zaidi.

Kisha naketi kwenye usukani
na hapo ndipo kundule linaponicheka:
mguu ni wangu, breki ni yangu,
mwanga ni wa watu wengine.

"Athieno! Simama nyuma ya gari. Si karibu hivyo!"
Ana miaka tisa, alizaliwa usiku,
jina lake lenyewe linasema.

Nawasha.
"Ndogo! Zote mbili!"
Nakanyaga.
"Kubwa! Mama, mikono yangu imekuwa myekundu!"
Naachia.
"Ndogo."
Nakanyaga tena, bila sababu.
"Kubwa."

Yule wa lori sikumwona hata uso,
namba zake sikuzishika.
Hii moja namkanyagia yeye.
"Kubwa. Mama, ugali unapoa."

Bado kidogo, namwambia,
na katika kioo cha juu namtazama
akija na kufifia,
akija na kufifia,
amesimama palepale anapopita kila anayenifuata.