Fahari Mizanini

Asubuhi walimpima fahari.
Mimi nilishuka basi la usiku kutoka Montevideo,
miguu imekufa ganzi, mkobani hojaji mia na ishirini,
nikaambiwa: subiri kidogo, bibi, kuna ng'ombe kwanza.

Basi nikasubiri. Baridi ya Julai
ilikuwa imezilamba nyasi za Tacuarembó zikawa nyeupe,
na fahari mwenyewe, mwekundu, uso mweupe,
alikataa katakata kukanyaga lile bamba la chuma.
Wavulana wakasukuma. Wakapiga miluzi.
Msichana mmoja, Nazarena, akapita mbele yake,
akampa mgongo, akatembea
kama mwenye safari zake,
na fahari akamfuata.

Mshale ukayumba, ukayumba.
"Asipotulia hapimiki," akaniambia, wala sikuwa nimeuliza,
akaandika kwa penseli: mia sita na kumi na mbili.

Mchana ikawa zamu yangu.
Mizani yangu ya karatasi, ina namba tano:
moja, sikubali kabisa; tano, nakubali kabisa.
Sentensi ya kwanza: Nikifaulu, hutembea kifua mbele.
Ya nne: Napenda wenzangu wazijue alama zangu.
Ya tisa: Kazi zangu za shule ni kitu cha kujivunia.
(Hiyo ya tisa niliitunga mimi. Kamati ilibishana wiki mbili,
wapi kujivunia kunakoma, wapi kujivuna kunaanza,
tukaishia kula biskuti.)

Braulio alizungushia tano mara kumi na mbili
kwa dakika moja, akaomba ruhusa aende uwanjani.
Ulises akanyoosha mkono:
"Fahari ya nani? Maana mimi nilipata saba, nikanyamaza,
ila mama alinichinjia kondoo."
Nikasema, yako wewe.
Akatafuna kalamu. Pale hakujaza.

Nazarena ndiye aliyeongoza lishe ya mifugo, shule nzima.
Mwalimu Olivera alininong'oneza ukumbini
kama mtu anayetaja alama yake mwenyewe.
Nikapita nyuma ya kiti chake. Sikupaswa.
Mbili. Mbili. Moja. Mbili.
Ya tisa: moja, kaifuta, moja tena,
karatasi imechubuka.

Kengele ilipolia aliinama
akachomoa kutoka kwenye buti mfuko wa majani ya mate,
na ndani ya mfuko ule mtihani, umekunjwa mara nne.
Akaugusa kama ni mkavu. Akaurudisha.
Akaniona nimeona.
"Kuna kijito cha kuvuka," akasema.
Kisha, akiwa tayari mlangoni:
"Babu hajui kusoma. Hupitisha kidole tu
juu ya wino mwekundu."

Ijumaa usiku, ghorofa ya tatu,
hita inanuka mafuta ya taa, naingiza namba.
Mshiriki wa arobaini na saba:
mbili, mbili, moja, mbili.
Kompyuta haikuguna. Wastani ukashuka kidogo,
ukatulia.

Mwisho wa jedwali kuna safu ya maoni.
Tulikubaliana, wote sita, kwa sahihi, tusiiguse.
Nikanywa chai iliyopoa. Nikamkumbuka yule mnyama,
jinsi alivyopanda chuma
kwa kufuata mgongo wa mtu asiyemtazama.

Nikaandika kwenye safu ile: buti la kushoto.
Nikahifadhi.